Kidole cha Chepchumba

Chepchumba aliolewa Ndanai, mlimani kwa Wakipsigis, akiwa na vitu viwili ambavyo wanawake wengine wa mlima ule hawakuwa navyo: viatu vya ngozi, ambavyo vilimbana na hakuvivaa, na Biblia ya Kiswahili. Biblia alipewa siku ya harusi na mwalimu wake wa shule ya misheni. Ilikuwa nene, nyeusi, ingali na harufu ya gundi. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo maneno aliyajua. Lakini kitabu chenyewe kilimtisha. Alikiona kama nyumba kubwa ambayo amepewa ufunguo wake bila mtu kumwonyesha vyumba.

Basi akakitumia kwa njia aliyofundishwa shuleni na rafiki yake Sally. Ukiwa na jambo linalokusumbua, unafumba macho, unaomba kidogo, unafungua Biblia popote inapofunguka, halafu unashusha kidole. Pale kidole kinapotua, hapo ndipo Mungu amekujibu.

Chepchumba alikuwa na mambo mengi ya kuuliza. Aliuliza siku ya kupanda wimbi, kidole kikatua kwenye vipimo vya mapazia ya hema la kukutania, akakaa akiwaza mapazia na wimbi vinahusiana vipi. Aliuliza kama auze jogoo, kidole kikaangukia pale jogoo alipowika na Petro akalia kwa uchungu. Hilo alilihesabu kuwa onyo. Jogoo hakuuzwa, akazeeka pale bomani akawa mkali, akawa anawadonoa wageni miguuni.

Mumewe, Kipkemoi, alifanya kazi katika kiwanda cha chai upande wa Kericho na alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, nguo zake zikinuka majani mabichi. Alikuwa mtu wa mzaha. Akidonolewa na jogoo alisema, "Huyu naye mwambieni Petro amekwisha kusamehewa."

Mama yake Kipkemoi hakuwa na mzaha. Aliitwa Tabutany, mjane mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto. Shule hakuijua na kanisani hakuwa amekanyaga. Chepchumba aliishi naye boma moja, wao wawili na Chemutai, mtoto wa Chepchumba aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Kwa Tabutany, kila kitu kilikuwa na namna yake: namna ya kukamua, namna ya kufagia, na zaidi ya yote namna ya kutunza vibuyu vya maziwa lala, ambayo Wakipsigis huyaita mursik. Kibuyu huoshwa, hukaushwa, kisha husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu. Ukikosea kidogo, maziwa yanaharibika na mji mzima unajua wewe ni mke wa namna gani.

Siku moja, mwaka 1951, Chepchumba aliweka kibuyu karibu na moto kikauke, akafungua Biblia kidogo tu. Kidole kilikuwa kimetua kwenye maneno magumu na yeye alikuwa akijaribu kuyaelewa, akasahau. Aliposhtuka kwa mlio, kibuyu kilikuwa kimepasuka toka mdomoni mpaka tumboni.

Tabutany aliingia, akakiokota, akakigeuza mikononi.

"Hiki kilikuwa cha mama yangu," akasema. "Kimekaa miaka yote hiyo, kikaja kufia mbele ya kitabu. Sasa niambie, hicho kitabu chako kinaweza kuweka maziwa?"

Chepchumba angesema pole na ingekuwa imekwisha. Badala yake akasema, "Angalau kitabu hakinigombezi kila asubuhi."

Tabutany hakujibu. Kwa mtu mwenye sauti kama yake, kunyamaza kulikuwa jambo la kutisha. Walikula kila mtu akitazama kwake.

Asubuhi Chepchumba alikwenda nyuma ya zizi, akafumba macho na kuuliza, "Bwana, nifanye nini na mama huyu?" Akafungua. Akashusha kidole. Akatazama, na moyo ukamruka, kwa sababu jibu halikuwa la mapazia wala la majogoo. Lilisema waende, warudi, kila mmoja nyumbani kwa mama yake.

Wazi kuliko hivyo hakuwahi kuona. Alimfunga Chemutai mgongoni, akafunga nguo zake katika shuka, akachukua Biblia. Tabutany alikuwa mlangoni akipepeta wimbi.

"Unakwenda wapi na mtoto?"

"Kwa mama. Mungu ameniita."

Tabutany alimtazama, akamtazama mtoto mgongoni. Ungo ukatulia mikononi mwake. Kisha akaendelea kupepeta.

Kwa mama yake Chepchumba ilikuwa Chebunyo, huko chini Chepalungu ambako mvua ni chache na ng'ombe ni wengi. Alitembea mchana kutwa, akapumzika mara kwa mara kumnyonyesha mtoto, akafika jua likiwa limeshuka.

Mama yake alifurahi, halafu akaona ule mzigo wa nguo na furaha ikapungua.

"Mumeo amekupiga?"

"Hapana."

"Mama mkwe amekufukuza?"

"Hapana. Ni Mungu amesema nirudi."

Mama yake alikaa chini polepole. "Mungu amesema," akarudia. "Na wale ng'ombe walioletwa hapa kwa ajili yako, Mungu amesema watarudi na nani?"

Chepchumba hakuwa ameulizia ng'ombe.

Kesho yake mama hakutaka kubishana na Mungu peke yake. Alimchukua binti yake mpaka sokoni, kwa mtu pekee aliyemjua anayesoma Biblia kila siku. Huyo alikuwa Wanjuhi, mjane wa Kikuyu aliyehamia Chebunyo na marehemu mumewe miaka mingi iliyopita. Alishona nguo kwenye baraza ya duka moja, cherehani yake ikitazama barabara. Kikipsigis alikisema haraka haraka na kwa lafudhi yake mwenyewe, na watu walimpenda kwa sababu alishona kaptura zisizoachia mishono.

Alisikiliza habari yote bila kusimamisha cherehani. Ilipofika mwisho akauliza, "Nani alisema urudi?"

"Biblia," akajibu Chepchumba.

"Biblia haina mdomo, mwanangu. Nani ndani ya Biblia? Ni Musa? Ni Bwana Yesu? Ni shetani? Maana hata shetani anasema maneno humo ndani."

Chepchumba hakujua.

"Na alikuwa anamwambia nani?"

"Alikuwa ananiambia mimi."

"Wewe ulikuwa hapo?"

Mama yake Chepchumba alicheka, akajifunika mdomo. Wanjuhi akaacha kukanyaga cherehani. Alichukua mkono wa shati uliokuwa juu ya meza, mkono peke yake, bado haujaunganishwa, akauinua.

"Hili shati ni la nani?"

"Siwezi kujua. Ni mkono tu."

"Ni la mtu mnene au mwembamba? Lina mfuko? Lina kola?"

"Siwezi kujua, mama."

"Basi na wewe umeokota mkono wa shati, ukauvaa kichwani, ukatembea nao toka Ndanai." Alisema hivyo kwa upole, akasogeza vitambaa na kumpisha nafasi kwenye benchi. "Kaa hapa. Tafuta pale kidole kilipotua, halafu rudi nyuma mpaka mwanzo wa hicho kitabu. Usome mpaka mwisho. Mtoto nitamshika mimi."

Chepchumba alitafuta, akaona kwamba mahali penyewe ni kitabu cha Ruthu, ambacho ni kurasa chache tu. Hakuwa amejua hata kwamba kinaitwa hivyo, maana macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kidole. Akaanza kusoma kwa sauti, huku watu wakipita na mbuzi, huku mteja mmoja akijaribu koti. Palikuwa na njaa. Mtu alihama na mkewe Naomi na wanawe wawili mpaka nchi ya kigeni. Yule mtu akafa. Wana wakaoa, nao wakafa. Naomi akabaki na wake wawili wa wanawe, akaanza safari ya kurudi kwao, na njiani akawageukia wale wasichana akawaambia...

Chepchumba akarudisha kidole juu ya mstari.

"Endelea," akasema Wanjuhi.

"Ni mama mkwe," akasema Chepchumba. "Aliyesema warudi kwa mama zao ni mama mkwe!"

"Haya. Na wao walifanya nini?"

Akasoma mbio sasa. Wote wawili walilia. Mmoja, Orpa, alimbusu mama mkwe akarudi kwao. Wa pili, Ruthu, alikataa katakata. Alisema popote Naomi atakapokwenda naye atakwenda.

Chepchumba alifunga Biblia, akaifungua tena kuhakikisha, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtu wa koti akageuka. "Mimi nimeacha mama mkwe kwa sababu ya kitabu cha msichana aliyekataa kumwacha mama mkwe!"

Mama yake alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Wanjuhi peke yake hakucheka sana. Alingoja watulie, akasema, "Sasa maliza. Halafu usome tena."

"Tena?"

"Mara ya kwanza ulikuwa unakimbiza habari. Mara ya pili utaona ulivyopita ukikimbia."

Mara ya pili ndiyo iliyomtoa machozi. Naomi alipofika kwao wanawake walimpokea kwa jina lake, naye akakataa wasimwite hivyo, wamwite Mara, yaani chungu, kwa sababu alitoka amejaa na amerudi mtupu. Chepchumba alimfikiria Tabutany. Alijua, kama jambo la kuambiwa tu, kwamba Tabutany alikuwa na wana watatu. Mmoja alikwenda vita vya Burma hakurudi. Mwingine alichukuliwa na homa. Alibaki Kipkemoi, na Kipkemoi yuko kiwandani mwezi mzima. Tangu aingie boma lile hakuwa amewahi kuuliza hata majina ya wale wawili.

Alimweleza Wanjuhi. Wanjuhi aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Hiyo ni nzuri. Lakini usiwe na haraka ya kujifanya wewe ni Ruthu. Kila mtu akisoma anataka awe yule mzuri. Kaa kwanza uwatazame watu wa kitabu wakiwa wao."

Alikaa Chebunyo karibu wiki. Kila siku baada ya kazi za nyumbani alikwenda kwenye lile benchi. Wanjuhi hakumhubiria. Alimwuliza tu: nani anasema, kwa nani, kumetokea nini kabla, kunafuata nini. Halafu alimfungisha Biblia na kumwambia asimulie kwa kichwa. Siku moja Chepchumba alisimulia Ruthu alivyokwenda shambani kuokota mahindi.

"Mahindi?" akauliza Wanjuhi. "Tazama."

Akatazama. "Shayiri."

"Shayiri ni nini?" akauliza mama yake, ambaye siku hizo hakukosa pale barazani.

"Ni ile Wazungu wa Molo wanapanda," akasema Wanjuhi. "Wanatengenezea pombe."

"Ndani ya Biblia?" Mama akashangaa sana, na tangu hapo akasikiliza kwa makini zaidi.

Jambo moja Wanjuhi alilirudia mara nyingi. "Mimi nikikuambia neno, tazama mwenyewe kama limo. Usiamini mdomo wangu. Mimi ni fundi wa nguo." Chepchumba alidhani ni unyenyekevu tu, mpaka siku Wanjuhi aliposema kwamba Boazi, mwenye shamba aliyemwoa Ruthu mwishoni, alikuwa kijana mzuri wa mwili. Chepchumba alirudi kwenye ukurasa. Alikaa akipambana na mistari.

"Mama, naona huyu anamwita Ruthu binti yangu. Halafu hapa anamsifu kwa kutowafuata vijana. Kijana angesema hivyo?"

Wanjuhi alivaa miwani yake, akachukua kitabu, akasoma, akasoma tena. Kisha akapiga meza kwa kicheko. "Miaka yote hii nimemwoza kijana! Kumbe ni mzee!" Alifurahi kana kwamba ameokota kitu kilichopotea. Siku hiyo alimwambia Chepchumba arudi kwake, kwamba hana tena sababu ya kukaa kwenye benchi la watu.

Ndanai alifika alasiri, maana aliondoka kungali giza. Tabutany alikuwa ameinama zizini akifunga ndama. Alimwona, akamaliza fundo lake kwanza.

"Mungu wako anasema nini leo?"

"Hakusema nirudi kwa mama. Nilisoma vibaya. Aliyesema ni mama mkwe mmoja wa zamani."

"Mama mkwe gani?"

"Wa Bethlehemu. Alifiwa na wanawe wote."

Tabutany aliachia kamba. Alinyosha mikono, akamchukua Chemutai toka mgongoni mwa mama yake, akamweka kiunoni. Mtoto akamshika shanga.

"Mama," akasema Chepchumba, "kile kibuyu. Nilikosa, na nilijibu vibaya. Nisamehe."

"Kibuyu kimekwisha kushonwa," akasema Tabutany. "Hakitaweka maziwa lakini kitaweka mbegu. Kaa chini uniambie habari ya huyo mwanamke."

Walikaa nje ya nyumba. Chepchumba alisoma mstari kwa Kiswahili, akaugeuza kwa Kikipsigis, akasoma mwingine. Hakufika mbali. Tabutany alimsimamisha kila mahali. Hao Moabu ni watu gani? Walikuwa wanaibiana ng'ombe na watu wa Naomi?

"Sijui, mama. Ni watu wa nchi nyingine tu."

"Haiwezi kuwa nyingine tu. Ni kama Wakisii na sisi pale mpakani Chepilat? Tunauziana ndizi asubuhi na tunatazamana vibaya jioni?"

Chepchumba alikumbuka kwamba kitabu kila mara kinasema Ruthu Mmoabu, Ruthu Mmoabu, hata pale ambapo jina moja lingetosha. Sasa aliona ni kwa nini. Watu wa mji walikuwa wakimtazama hivyo.

Siku nyingine, walipofika penye Boazi na ndugu mwingine wa karibu zaidi, wanaojadiliana langoni nani amchukue mjane na shamba la marehemu, Chepchumba alisema, "Hapa sikupaelewa, hata niliposoma mara mbili."

"Kwa nini hukuelewa?" Tabutany alishangaa. "Mume amekufa. Ndugu wa mume anamchukua mjane ili jina la marehemu lisipotee. Wa karibu akikataa, anafuata wa pili, mbele ya wazee. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Hao watu wana akili." Akafikiri. "Lakini kwa nini anavua kiatu?"

"Ndiyo desturi yao ya kumaliza maneno."

"Sisi tungetumia majani," akasema Tabutany, akaridhika.

Mwisho wa mwezi Kipkemoi alikuja, akapewa habari yote na pande zote mbili, kila upande ukimkatiza mwenzake. Alisikiliza akinywa maziwa. "Mke wangu," akasema, "siku nyingine kidole chako kikitaka safari, kiambie kiningoje mwisho wa mwezi, nikisindikize." Hata Tabutany alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza Chepchumba kuona kwamba ana pengo la meno kama la mwanawe.

Baada ya hapo walisoma karibu kila alasiri, kabla ya kukamua. Tabutany hakuwa Mkristo, na alisema hivyo kila mara, kwamba yeye anasikiliza habari za watu tu. Majina ya wanawe wawili aliyasema siku moja bila kuulizwa, walipokuwa wakisoma kitu kingine kabisa, na Chepchumba aliweka Biblia chini wakaongea juu yao mpaka ng'ombe wakaja wenyewe mlangoni.

Mara mbili au tatu kwa mwaka Chepchumba alikwenda Chebunyo kumwona mama yake, na hapo alikaa kwenye benchi na maswali yake aliyoyakusanya. Kisha hali ya hatari ikatangazwa kwa sababu ya uasi dhidi ya wakoloni. Serikali iliwakusanya Wakikuyu wengi waliokaa Bonde la Ufa na kuwarudisha Mkoa wa Kati, wenye makosa na wasio na makosa. Wanjuhi alipandishwa lori pamoja na wenzake. Chepchumba alipofika Chebunyo safari ile, alikuta alama za miguu ya cherehani tu kwenye saruji ya baraza. Mwenye duka alisema kwamba mama yule aliaga watu wote, na aliacha kaptura zimekamilika, kila moja na jina la mwenyewe.

Chepchumba alilia. Alikuwa amekuja na swali gumu mno, la Yesu kuulaani mtini usio na matunda wakati kitabu chenyewe kinasema haukuwa msimu wa tini. Lilimsumbua wiki nyingi. Yeye ni mkulima, anajua msimu ni nini. Na sasa hakuna wa kumwuliza.

Alikaa chini pale pale barazani, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, akafungua mahali pale. Akajiuliza mwenyewe, kwa sauti ndogo, yale maswali ya Wanjuhi. Kumetokea nini kabla? Kunafuata nini? Akarudi nyuma kidogo, akasoma kwenda mbele. Mti unalaaniwa. Yesu anaingia hekaluni, anapindua meza za wafanya biashara. Wanatoka, wanapita tena, mti umekauka. Akasoma mara nyingine. Mti, hekalu, mti. Hekalu lilikuwa limewekwa katikati, kama nyama ndani ya chapati. Kwa hiyo labda habari ya mti na habari ya hekalu ni habari moja: majani mengi, ukikaribia hakuna kitu cha kula.

Ule msimu bado ulimsumbua. Hakupata jibu lake siku ile, wala mwaka ule. Lakini aliporudi Ndanai alitembea kwa furaha ya ajabu, iliyochanganyika na huzuni, maana alijua sasa kwamba anaweza kuingia nyumba ile kubwa bila kushikwa mkono, na kwamba chumba kimoja kikiwa giza si lazima atoke nje.

Tabutany aliomba ubatizo mwaka 1956. Alisema amesikiliza habari za watu mpaka amegundua wengi wao walikuwa wakizungumza na Mungu mmoja yule yule, na yeye anataka kuzungumza naye pia. Mwalimu wa kanisa la Ndanai, Zacheus Kipkosgei, mtu mpole mwenye baiskeli, alifurahi sana. Alimfundisha darasani na wengine, na siku ya kuchagua majina ilipofika aliuliza kila mmoja.

"Na wewe mama? Nafikiri utapenda Naomi."

"Orpa," akasema Tabutany.

Darasa likageuka. Mwalimu Zacheus alidhani hakusikia.

"Mama, Orpa ni yule aliyerudi nyuma. Ruthu ndiye aliyekwenda."

"Najua. Nimemsikia mara nyingi. Alilia kweli, alimbusu mama mkwe, na aliambiwa arudi akarudi. Alikuwa mtoto mtiifu na aliyefiwa na mume. Naomi mwenyewe alimbariki. Mtu akishabarikiwa na kurudi kwao, wengine wanamlaumu kwa nini? Niambie mstari unaomlaumu."

Mwalimu alikuna kichwa. Hakuwa mtu wa kubishana kwa ajili ya kubishana. Alisema, "Nipe mpaka Jumapili, mama." Akaenda akasoma, na Jumapili akamjia na tabasamu. "Nimetafuta lawama sijaipata. Ila na sifa pia sijaipata."

"Sifa sijaomba. Nimeomba jina."

Akabatizwa Orpa katika bwawa la chini ya shule, maji yakiwa baridi ya Julai, na alipoinuka alipiga kelele ya baridi ile ambayo ng'ambo ya mto waliisikia. Kipkemoi alikuwapo, ameomba ruhusa kiwandani. Alisema hakuwahi kusikia mama yake akianza jambo lolote kimya, na hakuona sababu ya wokovu uwe tofauti.

Miaka ile ya mwisho ya hamsini watu wa Ndanai walianza kuwazoea wanawake wale wawili nje ya nyumba na kitabu katikati. Wengine walikuja kukaa nao, wake wa wachuma chai, wasichana wa shule, siku nyingine Mwalimu Zacheus mwenyewe na baiskeli yake. Chepchumba hakuwahubiria. Mtu akimwuliza neno, alirudisha swali: nani anasema? Wengine walichoka na hayo wakaenda zao, wakitaka mtu wa kuwaambia moja kwa moja. Wengine walibaki.

Mwaka 1958 walikuwa kwenye Matendo ya Mitume, karibu na mwisho, pale Paulo mfungwa anapopelekwa Rumi kwa meli na dhoruba inawakamata. Hapo walikwama kabisa. Hakuna kati yao aliyewahi kuona maji makubwa kuliko bwawa la ubatizo. Kulikuwa na nanga, tanga, kamba zinazopitishwa chini ya meli kuifunga. Orpa Tabutany alikataa kuendelea.

"Siwezi kupita mahali nisipopaona. Meli inafungwa kamba kwa nini, kama mzigo wa kuni?"

Wakati ule shule ya Ndanai ilikuwa ikijengewa ukuta wa mawe, na fundi alikuwa Obiero, Mjaluo wa kando ya ziwa. Tabutany aliinuka, akaenda mpaka kwenye ukuta, akarudi naye. Obiero alikuwa bado na mwiko wake wa kujengea mkononi na udongo mpaka kwenye nyusi.

"Wewe ni mtu wa maji," Tabutany akamwambia. "Kaa. Tuambie nanga."

Obiero alifikiri ni mzaha, halafu akaona nyuso zao. Akaokota jiwe, akafunga kamba ya ndama juu yake, akalitupa kwenye karai la kunyweshea ng'ombe, akavuta. Akaeleza kwamba mashua ni mbao zilizoungwa, na mawimbi yakipiga sana mbao zinataka kuachana, ndiyo maana wale mabaharia walifunga. Baba yake aliwahi kurudi hivyo siku moja, mashua imefungwa kwa nguo zake mwenyewe. Wanawake wakashika vifua.

"Halafu wakatupa nafaka majini?" akauliza Chepchumba. "Ngano yote?"

"Lazima. Uzito unazamisha. Ukiona mtu anatupa chakula, jua ameogopa kweli." Obiero alikaa sawa kwenye kigoda. Mwiko alikuwa ameuweka chini. "Na watu wa meli hiyo ilikuwaje? Walizama?"

"Hatujafika," akasema Chepchumba. "Unajua kusoma?"

"Kidogo kidogo."

Alimpa Biblia. Obiero alijifuta mikono kwenye suruali, pande zote mbili, akaipokea, akatafuta mstari. Alianza kusoma polepole, neno kwa neno, akiitikia kwa kichwa kila alipokuta jambo analolifahamu. Mvua ikaanza kunyesha juu ya majani ya chai mteremkoni. Wakasogeza vigoda ndani ya mlango, Tabutany akavuta chake karibu kabisa na goti la fundi.

"Polepole hivyo hivyo," akasema. "Nataka kuyaona hayo maji."